Sauti ya Mama Ilibaki Dzaleka

Juzi, pale Area 47, mtaa wa mjini Lilongwe, nilimwona mama mmoja akiuza vitenge. Yeye alitabasamu tu, mtoto wake akamjibia mteja kwa Chichewa, lugha ya wenyeji. Nikakumbuka harufu ya vitenge vipya vya mama yangu.

Nyumbani, katika kambi ya Dzaleka, mama alisali kwa Kirundi, akagombana na baba kwa Kiswahili, wala hakunyamaza hata akisonga nsima. Lakini kila tulipokwenda kuuza Lilongwe aliniambia, "Kule we njo utasema. Mi sina kinywa."

Nilimwamini. Nilidhani mji unachukua sauti za watu wazima, na kuna siku hautazirudisha.

Alasiri moja mwanamume alikunjua kitenge, akatutazama muda mrefu.

"Amayi anu sayankhula?" Alitaka kujua mbona mama hasemi.

Mama alitabasamu. Vidole vyake vilinibana kiganja mpaka kikauma.

"Anaumwa koo," nilijibu kwa Chichewa, kama mama alivyonifundisha. "Kwetu ni Nathenje, hapo jirani."

Alikirudisha kitenge, akaenda zake. Mama hakutamka neno njia nzima, nami nililia kimyakimya hadi tuliposhuka kambini.

"Mwanangu, uko na njaa?" akauliza, kama vile hakuna kilichotokea.

Sikujua bado kwamba lafudhi yake pekee ingetosha kututambulisha kuwa wakimbizi tuliotoka kambini bila kibali.

Basi juzi nikamsogelea yule mama, nikamsalimia taratibu kwa Kiswahili, nikidhani atafurahi. Alitabasamu tu. Kisha nikaona vidole vyake vikiubana mkono wa mtoto.