Mnoaji wa Viatu Vyetu
Mzee anayenoa viatu vya timu yetu ya magongo ya barafuni hupitisha ukucha wa kidole gumba kwenye makali ya kila chuma cha kutelezea kilicho chini ya kiatu, hupuliza, kisha huuliza taratibu, “Kama kawaida, kijana?” Mimi, tangu nifunge mabao mawili kule Oulu, nilimkataza kugusa vyangu, bahati isije ikatoka na vumbi la chuma. Jana tulifungwa mechi ya sita mfululizo tangu aje kocha mpya, Rautiainen. “Umeanguka peke yako mbele ya lango letu. Ulikuwa na nini?” aliniuliza mbele ya wote. Nikasema vyuma vilikuwa butu. Mzee, aliyekuwa akiokota mataulo, aliinamisha kichwa. “Kosa langu, kocha.” Nami nikaendelea kufungua kamba. Leo asubuhi amenimiminia kahawa, akaninong'oneza, “Sasa unaniruhusu niviguse?”