Ofa ya senene kwenye mgahawa wa Kijapani

Jamani, nani alinituma kutangaza ofa ya Krismasi?

Mgahawa wangu wa chakula cha Kijapani hapa Kayanga mnaujua. Nikabandika bango: nunua sahani ya sushi, upate senene wa kukaanga bure.

Leo senene, hao panzi wetu wa kuliwa, si wakashuka wilaya nzima!

Asubuhi akaingia jirani yangu, Mama Koku, na kifurushi cha jani la mgomba.

"Mwanangu, nimesikia unahitaji senene. Nimekuletea."

"Mama, mimi nawagawa, sitafuti."

"Haya, pokea."

Utamrudishia mtu mzima zawadi? Semeni nyie! Na kwetu aliyeleta zawadi haondoki mikono mitupu, wala na njaa. Nikamwekea sushi, ule wali wa baridi na samaki. Akaonja, akasukuma sahani.

"Wali wa jana huu. Huna ndizi?"

Nikampikia ndizi. Kwenye mgahawa wa Kijapani!

Mchana meza zote zimejaa majirani na vifurushi vyao, na mimi mikono myeusi kwa utomvu wa kumenya ndizi.

Mteja wa kununua akaja mmoja tu, kutoka Murongo. Akachungulia mlangoni.

"Samahani, sikujua mna harusi."

Akaondoka!

Bango nimeling'oa. Mnaotaka senene njooni mchukue.

Ila mje mikono mitupu.