Daftari la Tano

Harufu ya karanga zinazokaangwa kwenye mchanga hunirudisha Manzese, kwenye aibu yangu ya darasa la nne. Ukinikuta nacheka peke yangu mbele ya muuza karanga, usinidhanie nina wazimu. Nisikilize kwanza.

Baba alikuwa fundi redio. Kila redio aliyoitengeneza kibandani mwake aliijaribu kwa taarifa ya habari, kwa hiyo mambo ya mataifa makubwa aliyajua kuliko bei ya unga. Jioni aliandika riwaya ya vita ambavyo bado havijatokea: dunia imegawanyika kambi mbili, kila kambi na makombora yake, na moto umefika mpaka kwetu. Mama alimtania.

"Baba Neema, mbona hao wakubwa wameshapatana? Redio zako hazijakwambia?"

"Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo nyasi," Baba alimjibu. "Mie naandika habari za nyasi."

Sasa, watoto wa mtaa tulikuwa na desturi: shule zikifungwa, madaftari yaliyojaa tulimpelekea Mama Zuhura, jirani yetu, ayachane afungie karanga, naye alitujazia viganja. Mwaka ule nilibeba rundo zima bila kutazama, roho yote iko kwenye karanga. Ndani yake lilikuwemo daftari la tano la Baba, lenye mwisho wa riwaya. Nakala nyingine haikuwepo.

Tulipogundua, Mama Zuhura alikuwa ameshaliuza lote kwenye kituo cha daladala, ukurasa kwa ukurasa. Baba hakunichapa, na heri angenichapa. Alikaa siku mbili bila kunisemesha, kisha akayafunga yale manne kwa kamba ya katani na kuyasukumia uvunguni. "Basi," alisema, "imeisha hiyo." Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Jumamosi akaja kibandani kijana mmoja, seremala wa Kimara, ameshika karatasi mbili zilizolowa mafuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Samahani, mama wa karanga kanielekeza kwako. Huyu mama wa humu karatasini, mwenye watoto wawili, nimemwacha ukingoni mwa Ruvu, daraja limeshalipuliwa. Nimekula karanga mpaka tumbo linanguruma, mwendelezo siupati. Alivuka, au ndo basi tena?"

Lile daftari nilikuwa nimelisoma kwa kuibia. Hakuvuka. Alikufa pale mtoni yeye na wanawe, na kurasa chache baadaye jiji zima likateketea.

Baba alimsogezea yule kijana kigoda.

"Alivuka," alisema. "Kaa, nikusimulie alivyovuka."

Alisimulia mpaka chuma chake cha kuchomea waya kikapoa. Jioni akaifungua ile kamba ya katani, akaniomba daftari jipya.

Nilifurahi kusamehewa, lakini moyoni nilimwona Baba mwongo. Ilinichukua miaka, mpaka nilipokuwa na wanangu, kumwelewa. Akiwa peke yake na redio zake, dunia ile ilikuwa rahisi kuichoma, kwa kuwa hakujua kama kuna anayeihurumia. Riwaya haijachapishwa hadi leo, ingawa mtaa mzima uliisoma kwa kuazimana madaftari. Lakini tangu Jumamosi ile, Baba hakumuua mtu yeyote kwenye karatasi kabla hajajiuliza ni nani atakayekuja kumuulizia.