Refa na Goti Lake

Alhamisi nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa Kariakoo. Mbele yangu alikuwepo refa wa raga, goti limevimba kama andazi. Akaomba dawa kali ya maumivu na bandeji nyeusi. "Nyeusi, isionekane sana. Jumamosi nina mechi."

Nyuma yangu mchezaji mmoja wa raga, jamaa wa mabega mapana, akashika kichwa. "Kumbe! Ndiyo maana mechi yetu iliyopita kila tukianza kukimbia, filimbi! Unaturudisha tusukumane palepale, wewe unapumzika!"

Refa hakugeuka. Alinyoosha mgongo, akaiambia kaunta, "Kwenye raga, refa anaongea na nahodha tu. Huyu siyo nahodha."

Dada muuza dawa akaweka kiganja juu ya boksi la vidonge. "Hapa nahodha ni mimi, kaka yangu. Mchezaji akija uwanjani na goti kama hilo, unamfanyaje?"

"Namtoa."

"Enhe?"

Refa akalitazama goti. Akalitazama boksi. Dada hakuondoa kiganja. Mwishowe akatoa simu, akampigia refa mwenzake amshikie mechi ya Jumamosi. Foleni nzima tukatega masikio.

"Jumamosi sitaweza, ndugu yangu," refa akasema. "Mjomba ameugua ghafla."

Tulicheka mpaka muuza dawa akaegemea rafu. Yule jamaa wa mabega akamsaidia refa kushuka ngazi, huku akimpa pole ya mjomba.

Wanaume wa mji huu bwana! Mtu yuko radhi amlaze kitandani mjomba mzima wa afya kuliko kukiri kwamba goti linamuuma.