Saa Zilizotupwa za Bunda

Niliisikia kabla sijaiona. Nilikuwa nimesimama kwenye korido, barua ya ajira mkononi, na nyuma ya mlango kitu kilikuwa kinavuma bila kuvuta pumzi, mvumo mwembamba ulionyooka, na ndani yake mkwaruzo wa mara kwa mara kama kuku anayechakura pumba. Nikadhani ni feni na panya. Mlango ulipofunguliwa niliona kasha la rangi ya maziwa ya mgando, taa moja ya kijani, na mtaalamu wa mipango amekaa mbele yake amevaa sweta. Nje, ufukweni mwa Musoma, jua la Mwigobero lilikuwa linakausha dagaa. Ndani kulikuwa na kiyoyozi.

"Hii ndiyo seva," alisema. "Usiiogope, dada. Haiumi."

Kampuni ile ilinunua pamba. Zilikuwa siku ambazo viwanda vya umma vinauzwa kimoja baada ya kingine, na watu binafsi wameruhusiwa kununua zao lililokuwa la ushirika peke yake. Tulikuwa na ofisi tatu, Musoma, Bunda na Butiama, na kila ofisi ilikuwa na seva yake, kompyuta iliyotunza majina ya wakulima na uzito wa mizigo yao. Lakini kilichonishika mimi hakikuwa pamba. Kila baada ya dakika kumi, seva iliandika mstari mmoja kuhusu yenyewe: sasa ni saa ngapi, imeshughulika kiasi gani, kumbukumbu yake imejaa kiasi gani. Nilikuwa na daftari la riwaya ambalo niliweza kuliacha wiki nzima bila kuligusa. Na hapa kulikuwa na mashine inayoandika shajara yake mchana kutwa, bila kusifiwa na mtu.

Kazi yangu ilikuwa kuziingiza shajara hizo tatu katika hifadhidata moja, ili mtaalamu aone ofisi ipi imezidiwa na ipi haina kazi, kisha apange mashine zikae wapi. Simu hazikuaminika, kwa hiyo kila Ijumaa diski ndogo zililetwa kwa mkono. Ya Butiama ilifika imefungwa kwa karatasi ya daftari la shule, ikinukia moshi. Ya Bunda ilikuwa na lebo iliyoandikwa kwa herufi za mviringo, nzuri, za mtu aliyesoma zamani kwa walimu wakali. Hakuna faili lililofanana na lingine. Butiama walitanguliza mwezi kabla ya siku, Bunda safu zilikuwa zimesogea hatua moja kulia. Nilizinyoosha zote, nikiona raha ya ajabu kila mistari ilipokubali kuingia. Programu niliiwekea masharti, na moja nililibuni mwenyewe nikalionea fahari: saa yoyote isiyokuwa na mistari yake yote sita itupwe nzima. Nilitaka jedwali safi.

Baada ya miezi miwili mtaalamu alichapisha grafu. Mstari wa Musoma ulipanda na kushuka kama vilima. Wa Butiama ulikuwa mdogo lakini wa kueleweka, kwa kuwa walinunua siku mbili tu kwa wiki. Wa Bunda ulilala chini.

"Bunda wamelala," alisema. "Mashine yao tutaileta huku. Na yule mama karani, ndiyo basi tena. Jumatatu ripoti inaondoka."

Yule mama nilimjua kwa ile lebo tu, na kwa jambo moja lililosemwa ofisini: alikwisha kupunguzwa kazi mara moja, kiwanda cha kuchambua pamba kilipouzwa. Grafu hii ingempunguza mara ya pili. Lakini sitadanganya kwamba nilianza kwa huruma. Nilianza kwa udadisi. Bunda, msimu wa pamba, wamelala?

Nikalifungua faili la mistari niliyoitupa. Kumbe mingi ilikuwa ya Bunda. Niliisoma kama ninavyosoma ukurasa wa mtu mwingine: asilimia sitini, sabini, themanini na tano, kisha kimya. Nusu saa baadaye, kumi. Siku iliyofuata vilevile. Themanini, kimya.

"Ni mgao wa umeme huo," mtaalamu alisema.

"Mgao haungoji mashine izidiwe, bosi. Huu unangoja."

"Basi nenda ukauulize."

Nilikwenda Alhamisi. Wakulima walikuwa wamejipanga mbele ya dirisha hadi nje kwenye jua, na mama karani alikuwa mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, anachapa kwa vidole viwili bila kutazama. Aliponiona akasema, "Karibu, mwanangu, kaa hapo kwenye gunia." Ilipokaribia saa tano feni ya seva ikaanza kupanda sauti. Akasimama, akaweka kiganja juu ya kasha, akainamisha kichwa kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Ameanza kulalamika," alisema. Akahifadhi kazi yake, akaizima. Kisha akapaza sauti dirishani: "Ngojeni kidogo, inapumua!"

Hakuna aliyekasirika. Mzee mmoja alisema hata ng'ombe wa plau wanafunguliwaga jua likiwa kali. Kijana nyuma yake akadakia, "Na sisi tuliochemka huku nje, mama, nani atatuzima?" Wakacheka.

Nilimuuliza ni nani aliyemfundisha hivyo. Alinishangaa. Mumewe alikuwa na mashine ya kusaga kule Manyamanyama, injini ya dizeli. "Ikipiga kelele, unaizima ipoe. Ile imesaga miaka kumi na tano. Ya jirani ambaye haipumzishagi imekufa mara mbili. Sasa hii ya ofisi, ya gharama hivi, niiue mimi?"

Nikamweleza pale pale kwenye gunia, kwa kuchora nyuma ya bahasha. Kwamba mashine inaandika habari zake. Kwamba yeye huizima wakati ule ule inapotaka kuandika kuwa imezidiwa. Kwamba kila saa iliyobaki na pengo niliitupa mimi, na hizo ndizo zilikuwa saa zake nzito, na Musoma wanaona saa nyepesi tu. Kwamba wanataka kuichukua mashine, na kazi yake pamoja nayo.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge.

"Kwa hiyo nilivyokuwa naitunza, nilikuwa najifukuzisha."

"Tulikuwa wawili, mama."

"Nikisema mimi ndiye nilikuwa nazima, watasema nimeharibu kazi."

"Wanaweza kusema."

"Na nisiposema?"

Alikwisha kuirudisha miwani usoni. "Basi kesho siizimi," alisema. "Diski naileta mwenyewe."

Jumamosi alifika Musoma amevaa viatu vya kanisani. Kabla hajakaa nilikuwa nimeliondoa sharti langu na kuziingiza upya saa zote zilizotupwa, na sasa nikaingiza Ijumaa yake. Tulitazama watatu. Mstari wa Bunda ulipanda saa tatu, ukavuka ule wa Musoma, ukakaa juu kabisa hadi saa tisa alasiri bila kushuka.

Mtaalamu alisogeza kiti. "Hii mbona haikuonekana mwanzo?"

"Mimi nilitupa saa zenye mapengo," nilisema.

"Na mapengo niliyaweka mimi," alisema mama. "Nilikuwa naipumzishaga ikichoka."

"Mama, nani alikwambia kompyuta inachoka?"

"Na wewe nani alikwambia haichoki? Jana niliishika siku nzima, ilikuwa ya moto kama sufuria. Njoo Bunda uweke mkono. Hapa kwako kuna baridi, utajulia wapi?"

Mtaalamu alikunja mikono ndani ya sweta yake, akautazama mstari tena. Kisha akachukua ripoti, akakata sentensi ya kuhamisha mashine, na pembeni akaandika kwamba Bunda inahitaji kubwa zaidi, na feni ya chumba.

"Lakini kuzima seva wakati wa kazi ni kosa," alisema bila kuinua macho. "Nitakuandikia barua ya onyo."

Mama alikuwa tayari anafunga mkoba wake.

"Andika tu, baba," alisema. "Barua ya onyo anaandikiwaga mtu aliye kazini."

Akaniaga kwa kunishika bega, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake polepole mpaka komeo likaingia.