Mzee Swalehe wa Nyamwaga, Aliyeomba Kisu Ili Ale na Wenzake

Alizaliwa mwaka 1952 huko Nyamwaga, wilayani Tarime, mtoto wa mfugaji wa Kikurya aliyeitwa Wangwe, akapewa jina la Mwikwabe. Alichunga ng'ombe na kupalilia migomba kama wenzake, na hakuna aliyeota kwamba siku moja ataitwa mtu wa Mungu. Ujanani alikwenda Natta, akapata kazi ya jikoni katika kambi ya watalii. Mpishi mkuu, Mwislamu kutoka Tabora, hakumhubiria hata siku moja. Aliacha sufuria zikichemka, akatawadha, akaswali, akarudi kukoroga mchuzi wake kwa utulivu. Hilo lilimtosha kijana yule. Mwaka 1979 alitamka shahada, akaitwa Swalehe, na baadaye mpishi akamwoza binti yake, Tausi.

Aliporudi nyumbani na mkewe, baba yake alimsimamisha langoni mwa boma. “Dini ya kukataa nyama ya baba yako ni dini gani? Asiyekula na sisi si wa kwetu.”

“Nitakula na nyinyi, tata,” Swalehe akamjibu baba yake. “Nipeni kisu tu. Nichinje mimi.”

Mzee Wangwe akacheka mpaka akakohoa, kisha akampa kisu. Tangu siku hiyo, kwa miaka karibu arobaini, ng'ombe wa harusi na wa msiba alifungwa chini ya mti akimngoja Swalehe, na watu wenye njaa zao wakangoja pia, ili mtu mmoja asikose kula nao. Wapendao miujiza husema kwamba fahali wakorofi walilala wenyewe walipomwona. Wengine husema alijua kunoa kisu. Waumini wachague.

Hata hivyo, kula pamoja si kufunga pamoja. Katika mwezi wa Ramadhani nyumba yake ilikuwa kisiwa. Watoto wawili aliojaliwa walikufa wangali wachanga, kwa hiyo Uislamu wote wa kitongoji kile ulikuwa yeye na Tausi, wakisikilizia redio kama mwezi umeandama na kupeana mkono wa Idi wao kwa wao.

Mwaka 2023, siku ya mwisho ya mfungo, Tausi alikufa adhuhuri. Hapakuwa na mwanamke Mwislamu wa kumwosha, basi mumewe alimwosha kwa mikono yake, akamvika sanda, akamswalia peke yake. Majirani walisimama mbali kwa heshima, kofia mikononi, wasijue la kufanya. Jua lilipozama alikuwa bado na udongo kwenye kucha, akafuturu kwa maji matupu. Asubuhi ya Idi alitandika mkeka wake kando ya kaburi jipya. Akatoa takbira, na sauti iliyozoea kumwitikia haikuwepo. Hapo ndipo alipolia, na alilia sana.

Wakati huo Marwa, mtoto wa kaka yake, alikuwa amemleta fahali wake bora kwa ajili ya waombolezaji. Marwa hakuwa na dini zaidi ya mila za wazee, lakini alimpenda baba yake mdogo. Aliona ni ukatili kumwita mfiwa kutoka kaburini aje kushika kisu, akamchinja fahali mwenyewe. Swalehe aliporudi, nyama ilikuwa imeshaiva. Marwa akampelekea sahani iliyojaa vipande vilivyonona, macho yakiwa mekundu kwa kilio.

“Kula, baba mdogo. Umefunga mwezi mzima.”

Swalehe akaipokea kwa mikono miwili. Akashukuru. Siku nzima watu walikula katika msiba wa mke wake, naye hakuonja kitu, maana hata ndizi zilipikwa na nyama ile. Jirani yake Veronika, Mkristo, alipokusanya vyombo, aliikuta sahani nyuma ya mlango, haijaguswa, akaelewa, akataka kupiga kelele.

“Nyamaza, mama,” Swalehe akamwambia. “Yule kijana amemlilia mke wangu. Nimwambie amekosea?”

Veronika alinyamaza karibu miaka miwili. Februari 2025, wiki chache kabla ya Ramadhani, Mzee Swalehe alifariki usingizini. Waislamu wakaja kutoka Tarime mjini wakamzika. Baada ya mazishi Veronika akashindwa kuvumilia, akamweleza Marwa habari ya sahani ile. Marwa alikaa chini palepale. Fahali alikuwa amefungwa tayari, na shehe aliyekuja na Waislamu wale, kwa wema, akajitolea kuchinja.

“Hapana, shehe,” Marwa akasema. “Siku ile alishinda na njaa yeye. Leo tushinde sisi.”

Akamfungua fahali, akamrudisha zizini. Wakurya, ambao msiba bila nyama kwao ni aibu, wakakaa mpaka jioni bila kuweka kitu mdomoni, na hakuna aliyelalamika.

Kisu cha Mzee Swalehe kimehifadhiwa kwa Veronika. Msiba unapotokea Nyamwaga, kabla ng'ombe hajaangushwa, mtu huuliza kwanza: “Nani atakuja hapa akashindwa kula?” Anayetaka kuifuata njia ya Mzee Swalehe aanze kwa kuuliza swali hilo, na Mungu amjalie mtu wa kumwitikia takbira.