Mkono Ndani ya Leso

Kabla sijafumbua macho niliisikia cherehani. Ilikimbia, ikakatika, ikakimbia tena, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo kichwani. Mama alikuwa akimalizia suruali nyeupe ya kuvaa chini ya gauni la uuguzi, maana gauni lenyewe liliishia magotini, na nyumba yetu pale Shella, Malindi, haikuwahi kutoa mwanamke akaenda miguu wazi.

Asubuhi hiyo alitakiwa Kilifi. Asipofika kabla ya adhuhuri, nafasi yake ya masomo ingepewa mwingine, na kwa umri wake asingeipata tena. Alikuwa mshonaji, mama wa watoto wanne, mimi binti wa kwanza. Mdogo wetu wa mwisho alipolazwa kwa malaria, mama alikaa naye wodini, akaanza kuwasaidia wauguzi kubeba mabeseni na kuwageuza wagonjwa. Mtoto alirudi nyumbani mzima. Mama ndiye hakurudi mzima. Kipande chake kilibaki kule.

Baba, mpishi wa hoteli, alikwisha kubali. "Lakini radhi ni ya mama," alisema akienda kazini, yaani bibi yangu. Na kwetu radhi haikuwa maneno matupu. Anayesafiri huinama, akaubusu mkono wa kulia wa mkubwa wa nyumba, ndipo atoke. Tangu jana jioni Bibi hakumpa mtu mkono. Aliuficha ndani ya leso, akakaa kwenye kiti chake karibu na mlango.

"Wifi," shangazi yangu alimwambia mama huku akimwaga chai, "hao wanafunzi wenzako watakuamkia shikamoo darasani!"

"Wataitikiwa marahaba," mama akajibu, lakini hakucheka.

Alivaa buibui juu ya nguo zake mpya. Nilishika mkoba wake. Nje, utingo wa basi aliita, "Kilifi! Kilifi!" sauti ikipenya kila dirisha. Mama akapiga magoti mbele ya Bibi.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukuaga."

"Marahaba."

Leso haikusogea. Nilimtazama Bibi usoni. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na asubuhi ilikuwa bado baridi. Nilimchukia. Niliona anaiua safari ya mama bila hata kutamka neno.

"Mama, nipe mkono."

"Sina."

Shangazi aliweka birika chini. Utingo aliita tena, mbali kidogo safari hii. Mama angeweza kuinuka akatoka, baba asingemlaumu. Hakuinuka. Alimtazama Bibi kwa jicho nililolijua, lile alilomtazamia mdogo wetu kule wodini, kisha akaifunua leso pole pole.

Mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo, ngozi imevutika ikang'aa.

"Nini hii?"

"Tasi," Bibi alisema, akageuza uso. Tasi ni samaki mwenye miba ya sumu. Kumpaa na kumtengeneza kulikuwa kazi ya mama, na jana mama alikuwa kwenye cherehani.

"Mbona hukusema?"

"Niseme, uahirishe safari? Halafu mtaa mzima useme nimekuzuia makusudi?"

Mama alikuwa keshavua buibui. "Lete maji ya moto," aliniambia. "Huu mkono ni wa hospitali. Siendi popote."

"Hata kusoma hujaanza, ushanilaza wodini!" Bibi alifoka. "Malindi hapa hakuna wauguzi? Huyu mwanangu atanipeleka."

"Nitampeleka," shangazi akasema haraka. "Wifi, basi linaondoka."

Mama hakutikisika. Maji yalikuja, akaujaribu moto wake kwa kiwiko, akauzamisha mkono ule. Bibi aliuma meno. Nje injini ilinguruma, na mimi nikawa nimesimama na mkoba, sijui niuweke chini au la.

Ndipo Bibi alipouinua mkono ule ukichuruzika maji, akauweka juu ya kichwa cha mama. Nywele zake zikalowa.

"Nenda," alisema. "Nenda sasa hivi, kabla sijabadili nia."

Mama alijitanda buibui, akaninyang'anya mkoba, akatoka mbio akimpungia utingo. Alipofika barazani aligeuka nyuma, akasita. Bibi alikwisha inuka. Kwa mkono wake wa kushoto aliusukuma mlango, akaufunga, akakaza komeo.